Kiti Kando ya Mimbari

Maneno niliyowaambia makhatibu, wanakamati wa misikiti na vijana waliokusanyika South C, Nairobi, baada ya swala ya Isha, juu ya athari ya khutba, yaani hotuba ya Ijumaa, kwa imani ya kijana. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Masheikh wangu, maustadhi wenzangu, wazee wa kamati, mama zetu na dada zetu mlioko kule juu, na nyinyi vijana mliokaa karibu na mlango kama kawaida yenu. Mwenyekiti amenipa dakika 25. Nitajitahidi, maana sahaba wa Mtume, Ammar bin Yasir (r.a.), alitoa khutba fupi, watu wakamwambia laiti ungeendelea kidogo, naye akawajibu kwa yale aliyoyasikia kwa Mtume (s.a.w.): mtu kurefusha swala yake na kufupisha khutba yake ni alama ya kuwa anaifahamu dini. Hadithi hiyo iko katika kitabu cha hadithi cha Sahih Muslim. Sisi hapa Nairobi tumeigeuza. Khutba dakika 45, halafu swala ni Inna aatwaina na Kulhuwallahu, sura fupi kabisa, mbio mbio, kwa kuwa muda umekwisha.

Mimi ni mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, katika shule moja ya kutwa hapa mjini, na Ijumaa mbili kila mwezi hupanda mimbari katika msikiti mdogo wa mtaani kwetu. Kwa hiyo nikiwasema makhatibu, wa kwanza kusemwa ni mimi.

Jumatatu moja muhula uliopita niliingia kidato cha tatu nikawagawia vijana vikaratasi. Nikawaambia, majina msiandike. Andikeni kitu kimoja tu mnachokikumbuka katika khutba ya Ijumaa iliyopita, popote mliposwali. Wanafunzi wangu wanatoka kila upande: Eastleigh, Majengo, Kibera, South B, Kariobangi, na wawili wanaotoka Kitengela alfajiri na giza lake. Nikawapa dakika tano. Wengi walimaliza kwa dakika moja, wakabaki kuangalia dirishani.

Vile vikaratasi nilivisoma usiku, chai ikapoa mbele yangu. "Maiki ililia sana." "Simu ya mzee wa mbele iliita, ilikuwa taarab." "Sheikh alisema vijana wa siku hizi tumeharibika." Walioandika hilo la kuharibika walikuwa sita, na hawakuswali msikiti mmoja. "Nilikuwa nafikiria viatu vyangu." Mnacheka, na nyinyi mnaocheka ndio mnaovikalia viatu vyenu hivi sasa. Mmoja aliandika kipande cha dua ya mwisho kwa Kiarabu, herufi nzuri, irabu zote mahali pake, kisha chini yake akaandika: "Maana sijui." Kimoja kilirudi kitupu.

Na vitatu vilikuwa na neno moja tu, lile lile: gorogoro.

Ikabidi niulize. Wote watatu wanakaa Kibera na waliswali pamoja. Khatibu wao ni mzee wa Kinubi, Kiswahili chake kina ladha ya kwao. Siku ile alipanda na gorogoro mkononi, lile kopo la kupimia mahindi na maharagwe. Akaligeuza kitako juu, watu wakaona lilivyobonyezwa kwenda ndani. Akasoma mwanzo wa Suratul Mutaffifin, ole wao wapunjao, akauliza: hiki kitako kilijibonyeza chenyewe? Akanyamaza kidogo. Kisha akamtaja makanga anayejisahaulisha chenji mpaka stage ya abiria inapita, na fundi wa simu anayetoa betri nzima akarudisha mbovu. Hakumwita mtu mwizi. Dakika nane, akaketi, akainuka kwa khutba ya pili, akaswalisha. Mmoja wa wale wanafunzi, ambaye baba yake anauza nafaka, aliniambia kwamba walirudi nyumbani baba hasemi neno. Jumapili kijana akakuta gorogoro jipya kibandani. Lile la zamani limepandwa dania.

Sasa watu huniuliza: khutba ina athari gani hasa kwa imani ya kijana? Wako wanaosema haina, kwa kuwa vijana wanasinzia. Wako wanaosema ndiyo kila kitu. Mimi naona tuanze na jambo moja ambalo tumelizoea hata hatulioni tena, nalo ni ukimya.

Mtume (s.a.w.) alisema ukimwambia mwenzako "nyamaza" siku ya Ijumaa na imamu anahutubu, umeshafanya upuuzi. Bukhari na Muslim wote wameipokea. Yaani hata kumnyamazisha mwenye kelele hakuruhusiwi. Mfikirieni kijana wa mji huu. Anaamka na simu, anapanda matatu ambayo muziki wake unamtikisa mbavu, anashuka kwenye honi na wapiga debe, anaingia kazini au chuoni, anarudi na matatu ile ile. Katika wiki nzima hana pahali anapokaa chini miguu ameikunja, simu iko mfukoni, na mtu mmoja anazungumza naye bila kukatizwa. Mimi mwalimu sina bahati hiyo, nakatizwa kila dakika mbili. Wanasiasa wangeinunua kama ingekuwa inauzwa.

Tena kuna jingine. Sensa ya 2019 ilituhesabu Waislamu milioni 5.15 nchini, kama watu 11 katika kila 100. Kijana wa Garissa au Lamu anaweza asilihisi hilo. Wa Nairobi analihisi kila siku: darasani yuko na wenzake wawili, ofisini yuko peke yake, anaeleza kila Ramadhani kwa nini hanywi hata maji. Ijumaa saa saba ndiyo saa anayogusana mabega na mia tano kama yeye. Naamini, na hili ni langu, kwamba kwa wengi wao nusu ya kazi ya Ijumaa imeshafanyika kabla khatibu hajafungua mdomo. Kinachobaki ni khatibu asiiharibu.

Maana ukimya ule una upande wake mgumu. Kijana haruhusiwi kusema "sijaelewa." Haruhusiwi kusema "sheikh, hapo si hivyo." Anapigwa, na mikono imefungwa. Jibu lake analichukua akaondoka nalo. Akifika ngazini, viatu bado hajavifunga, ameshatia vipokea sauti masikioni na anamsikiliza sheikh mwingine wa London au Toronto, dakika moja na nusu, maandishi yakipita chini. Simlaumu. Wengine katika hao ni wanavyuoni wazuri kunizidi. Ila sheikh wa Toronto hajui gorogoro ni nini.

Wazee wetu hupenda kuwasema vijana wanaofika khutba inakwisha. Hebu tusome aya ya mwisho ya Suratul Jumua. Watu walipoona biashara au mchezo waliukimbilia, wakamwacha Mtume (s.a.w.) amesimama. Jabir (r.a.) anasimulia kwamba ulikuja msafara wa chakula Madina, watu wakatoka, wakabaki wanaume 12. Kumi na wawili! Aliyekuwa akihutubu ni mbora wa viumbe. Basi mimi nikiachwa na vijana watano wa boda niseme umma umekwisha?

Na katika sura hiyo hiyo sisi makhatibu tuna tabia: aya ya 9, inayosema acheni biashara, tunaisoma kwa sauti. Aya ya 10, inayosema swala ikimalizika tawanyikeni katika ardhi mtafute fadhila za Mungu, tunaimeza. Nina mwanafunzi wangu wa zamani, sasa ni askari wa lango katika jumba moja la Upper Hill. Amepewa saa moja, saba mpaka nane, kwenda na kurudi kwa miguu ikiwa humo humo. Mwenzake Mkristo humshikia lango. Anajua msikiti gani khatibu hukomea dakika 15 na msikiti gani hakomi. Ananiambia: "Mwalimu, siku khutba ikipita saa saba na nusu mimi sisikii tena dini, nasikia saa ya bosi." Kijana wa Gikomba aliyemwachia jirani marobota yake ni hivyo hivyo. Msichana wa duka la M-Pesa ni hivyo hivyo.

Ukizihesabu nguzo za khutba mbili katika madhehebu yetu ya Shafi, ni kumhimidi Mwenyezi Mungu, kumswalia Mtume, kuusia uchamungu, kusoma aya, na kuwaombea waumini katika khutba ya pili. Hizo zote hazijazi dakika tatu. Yanayozidi ni hiari ya khatibu, kwa hiyo atayajibia yeye.

Kuhusu lugha sitakaa sana, ingawa najua wengine mmekuja kwa ajili ya hilo. Hapa Nairobi unaweza kusikia khutba kwa Kiswahili, kwa Kisomali, kwa Kiingereza, kwa Kiurdu, na misikiti mingine bado khutba yote ni Kiarabu na mawaidha ya Kiswahili hutangulia kabla ya adhana ya pili. Sitaki ugomvi na yeyote. Nitakumbusha tu kwamba mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa Mombasa akitoa gazeti la Al-Islah kwa Kiswahili na Kiarabu, kwa sababu aliona watu wake wanaisikia dini bila kuielewa. Na Sheikh Abdalla Saleh Farsy, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, tafsiri yake kamili ya Kurani ilitoka 1969, na ilichapishwa hapa hapa Nairobi. Wale hawakuona aibu na lugha ya sokoni. Yule mwanafunzi aliyeandika "maana sijui" angewafahamu.

Lakini tusikimbilie upande wa pili. Kuna ndugu yetu mmoja, namheshimu, alidhani dawa ni Sheng, lugha ya vijana wa mitaani. Akapanda mimbari akaanza. Vijana walishika midomo wasicheke, kwa sababu ile Sheng ilikuwa ya mwaka 1998. Hakuna kitu kizee kama Sheng ya juzi. Kiswahili safi, cha kawaida, kinatosha kabisa. Kinachowapoteza vijana ni mada. Mwezi mzima ni urefu wa suruali, suruali na visigino, na kijana aliyekaa pale ana deni la kamari, ana digrii ya miaka mitatu ndani ya bahasha, na usiku hapati usingizi.

Nimetaja kamari. Sasa nijiseme.

Miaka michache nyuma nilitoa khutba ya kamari. Nilijiandaa wiki nzima. Aya ya 90 ya Suratul Maida, ulevi na kamari, uchafu katika kazi ya shetani. Nikapandisha sauti, maana Jabir anasema Mtume (s.a.w.) alipohutubu macho yake yaligeuka mekundu na sauti ikapanda kama anayeonya jeshi linalokuja, nami nilijiona niko katika sunna. Nikasema, na maneno haya nayakumbuka yote: "Mpaka kuna kijana anauza simu ya mamake ili aiwekee timu ya Ulaya ambayo haimjui!" Watu wakacheka. Wengine wakageuka nyuma.

Mtaani kwetu msikiti ni mdogo. Kila mtu alijua ni nani aliyeuza simu ya mamake. Nami nilijua. Sikuwa nimekusudia kumtaja, au nijitetee hivyo, lakini mfano ule niliuokota wapi kama si kwake?

Hakuja Ijumaa iliyofuata. Wala iliyofuata. Wa kuniambia alikuwa kinyozi wangu, wembe uko shingoni, akasema taratibu: "Ustadh, yule dogo ulimmaliza." Nikamtafuta, nikampata anaosha magari, viatu vya mpira, suruali imelowa mpaka magotini. Nilimwomba msamaha. Hakukasirika, na ningependa angekasirika. Aliendelea kukamua kitambaa, akaniambia: "Ulisema kweli tupu. Ila hukuniambia Jumamosi nifanye nini."

Jumamosi. Mechi zote ziko Jumamosi. Rafiki zake wote wako pale, kibanda chenye runinga kiko hatua ishirini kutoka mlangoni kwao. Mimi nilimpa uharamu, ambao alikuwa anaujua tangu madrasa, nikamwongezea aibu, kisha nikashuka nikaenda kula pilau. Mzee wa Kibera alilishika kopo. Mimi nilimshika mtu.

Yule kijana sasa huswali Ijumaa msikiti mwingine, Eastleigh. Namshukuru Mungu kwamba ni msikiti. Wako waliotolewa na khutba wasirudi popote.

Na kuna khutba inayofukuza kwa kunyamaza. Alhamisi, tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 waliuawa na al-Shabaab katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Kesho yake ni Ijumaa. Viongozi wa Waislamu walishalaani hadharani. Lakini katika msikiti niliokuwemo mimi, hapa Nairobi, khatibu alikuja na khutba aliyoiandaa tangu Jumanne, juu ya adabu za kula. Bismillah, mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako. Garissa ilitajwa katika dua, sentensi moja. Kando yangu alikaa kijana aliyekuwa akiishi Umoja, chumba kimoja na Mkristo kutoka Kakamega. Tulipokuwa tunatafuta viatu aliniuliza: "Mwalimu, nikirudi nyumbani nimwambie nini?" Watu wote mia kadhaa waliotoka pale walikuwa na swali hilo, na kila mmoja alirudi nalo peke yake.

Baadaye ikajulikana kwamba mmoja wa washambuliaji alikuwa kijana aliyehitimu sheria Chuo Kikuu cha Nairobi. Mji huu huu. Sidai kwamba khutba moja ingemgeuza, huo utakuwa uongo na majivuno. Nasema tu kwamba wale waliomchukua hawakuogopa kuzungumza naye mambo mazito, na sisi tulikuwa tunazungumza adabu za kula.

Nimeona pia tofauti yake. Juni 2024, baada ya vijana kuingia Bungeni Jumanne ya tarehe 25 wakiupinga Mswada wa Fedha, Ijumaa yake nilimsikia khatibu mmoja wa mtaani akianza kwa kuwaombea waliouawa siku ile, na kuzitakia subira familia zao, za Waislamu na za wasio Waislamu. Halafu akawageukia wazazi akawaambia, msiwafungie watoto mlango kabla hamjawauliza wanataka nini. Mle ndani kulikuwa na vijana ambao macho yalikuwa bado mekundu kwa moshi wa vitoa machozi. Hakuwasifu, hakuwatukana. Baada ya swala hawakukimbilia ngazi.

Sasa niangalie kule juu, maana nimeambiwa dada zetu wapo na sijui kama wananisikia.

Umm Hisham bint Haritha (r.a.), mwanamke wa Madina, anasema Surat Qaf hakujifunza pengine ila kutoka ulimi wa Mtume (s.a.w.), aliyekuwa akiisoma kila Ijumaa juu ya mimbari. Iko katika Muslim. Qaf ina aya 45. Mwanamke aliihifadhi sura nzima kwa kuhudhuria Ijumaa tu! Hapo makhatibu tunaotafuta kila wiki kisa kipya cha kuwashangaza watu tuna la kujifunza, lakini leo mimi nalitaka jambo dogo zaidi: Umm Hisham alisikia. Binti yangu ana miaka 16. Likizo iliyopita nilimpeleka Ijumaa kwenye msikiti mmoja mkubwa, nikamuuliza njiani khutba ilikuwa juu ya nini. Akasema: "Baba, spika ya juu ni kama mtu anaongea ndani ya pipa. Mimi nilisikiliza nyingine kwa simu." Yumo ndani ya msikiti, siku ya Ijumaa, anasikiliza khutba ya nchi nyingine kwenye simu, naye anafikiri ndiyo heshima, kwa kuwa angalau hakupiga soga. Mle chini tulikanyaga zulia jipya, zuri, la Uturuki, ambalo mguu unazama. Wazee wa kamati, bei ya spika mnaijua.

Nimebakisha kitu kimoja, na ndicho kilichonileta.

Abu Rifaa (r.a.) anasimulia kwamba alifika kwa Mtume (s.a.w.) naye anahutubu. Akasema: ewe Mtume wa Mwenyezi Mungu, hapa kuna mtu mgeni, amekuja kuuliza dini yake, hajui dini yake ni nini. Anasema: Mtume akanielekea, akaiacha khutba yake mpaka akanifikia. Kikaletwa kiti, nadhani miguu yake ilikuwa ya chuma, akakikalia, akawa ananifundisha aliyofundishwa na Mwenyezi Mungu. Kisha akairudia khutba akaimaliza. Hii pia iko katika Muslim.

Mimi huipenda hiyo "nadhani miguu yake ilikuwa ya chuma." Mtu mgeni, hajui lolote, miaka imepita, na bado anakikumbuka kiti. Hadithi hii nimeisoma darasani sijui mara ngapi bila kuiona. Siku niliyotoka pale kwa mwosha magari ndiyo niliyoiona. Mimi siwezi kukatiza khutba, watu watasema nimechanganyikiwa. Lakini kiti naweza kupata.

Nikachukua kiti cha plastiki cha madrasa, cheupe, mguu mmoja umepasuka kidogo, nikakiweka kando ya mabomba ya kutawadhia. Nikatangaza: kuanzia leo, baada ya swala, nitakaa pale mpaka saa tisa kasorobo. Mwenye neno aje, hata kama ni kunipinga.

Ijumaa ya kwanza alikuja mzee mmoja na kesi ya mirathi ya shamba la Machakos, akamaliza muda wote. Ya pili hakuja mtu, nilikaa na paka. Ya tatu alikuja kijana wa boda, kofia ya chuma mkononi, akasimama, hakutaka kukaa. Akauliza kama anauliza bei: "Mtu akiwa anaswali, lakini ndani haamini sana, ile swala inahesabiwa?" Mtu. Sikumuuliza ni mtu gani. Nilimwambia akae, akasema ana haraka, akakaa dakika arubaini. Mengi aliyoyasema sitayaleta hapa. Wiki iliyofuata alirudi na mwenzake, na mwenzake alikuwa na swali gumu zaidi, juu ya mdogo wake aliyejinyonga, na watu waliokataa kumswalia. Hilo sikulijibu palepale. Nilimwambia nipe wiki nikasome, nikaenda kwa sheikh wangu, nikarudi nalo.

Tangu hapo khutba zangu zinatoka kwenye kile kiti. Sikai tena Alhamisi usiku nikitafuta mada. Khutba ya yule mdogo aliyejinyonga nimeitoa, bila jina, bila mtaa, bila dalili yoyote ya nani, maana kwa lile la simu nilishapata adabu. Ilichukua dakika 12. Siku hiyo akina mama wawili waliteremka wakaja mpaka kwenye mabomba.

Si kila Ijumaa ni hivyo. Mvua ikinyesha hakuna anayekuja. Kuna kijana huja kubishana tu na nikimpa dalili huniambia nimeitoa kwenye simu. Na ndugu zangu wawili katika kamati wanasema kiti kinaziba njia ya kutawadhia, jambo ambalo ni kweli, tutakisogeza. Yule wa kuosha magari nilimwona mwezi uliopita akipita nje ya lango na ndoo zake. Alinipungia mkono. Hakuingia.

Mwenyekiti ananionyesha saa, nami nimepitiliza kwa dakika tatu, Ammar anisamehe. Naomba kile kiti kiletwe hapa mbele, nishuke huku chini. Maswali yaanze kule juu kwa dada zetu, na kabla hawajauliza, kijana mmoja apande ajaribu ile spika.